Turbo: Kinacholeta Nguvu ni Hewa, Si Presha

Injini ya gari hupata nguvu zake kwa kuunguza mafuta, lakini mafuta hayaungui peke yake. Kila kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote bila kubakiza mafuta wala oksijeni, na kwa kuwa hewa ni nyepesi mno, kilo hizo chache hujaza nafasi kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, yaani zaidi ya lita 12,000 katika usawa wa bahari. Mafuta, yakiwa kimiminika, huchukua nafasi ndogo, na pampu yake inaweza kuongezewa uwezo bila taabu kubwa. Kinachoizuia injini kutoa nguvu zaidi, karibu kila mara, ni kiasi cha hewa inayoweza kuingia ndani ya silinda katika muda mfupi ambao vali ya kuingizia iko wazi. Maelezo yoyote ya turbo yanayoanzia kwenye presha badala ya hewa huwa yamemruka mwenye nyumba na kumsalimu mgeni.

Hesabu ya injini ya kawaida inatosha kuonyesha jambo hilo. Injini ya petroli ya lita 2, ya mipigo minne, huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, kwa hiyo ikizunguka mara 5,000 kwa dakika huvuta, kwa makadirio ya juu, lita 5,000 za hewa kila dakika, ambazo katika usawa wa bahari zina uzito wa kilo 6 hivi. Hewa hiyo inatosha kuunguza gramu 400 na ushei za petroli. Kilo moja ya petroli ina nishati ya megajuli 43 hivi, na injini hugeuza takriban theluthi moja tu ya nishati hiyo kuwa kazi, huku inayobaki ikipotelea kwenye ekzosi na kwenye maji ya rejeta. Hivyo nguvu inayopatikana ni kilowati 95 hivi, au nguvu za farasi zisizozidi 130 kwa mbali. Katika hesabu hiyo hakuna mahali ambapo fundi anaweza kuongeza petroli peke yake akapata nguvu za maana, kwa sababu petroli iliyokosa hewa hutoka nje ikiwa moshi mweusi.

Njia za kuipa injini hewa zaidi ni tatu: kuikuza injini yenyewe, kuizungusha kwa kasi kubwa zaidi, au kuisukumia hewa iliyobanwa ili kila lita inayoingia iwe nzito kuliko lita ya hewa ya kawaida. Njia ya kwanza huongeza uzito wa gari na ulaji wa mafuta hata pale nguvu isipohitajika, na ya pili huchakaza vyuma mapema, hasa katika injini za dizeli ambazo pistoni zake ni nzito. Turbo ni njia ya tatu, na upekee wake ni kwamba kazi ya kuibana hewa hufanywa na moshi wa ekzosi, ambao bila turbo hutupwa nje ukiwa umebeba karibu theluthi moja ya nishati ya mafuta yaliyokwisha kulipiwa.

Kifaa chenyewe kina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye ncha mbili za fito moja fupi. Gurudumu la upande wa moshi, liitwalo turbini, huzungushwa na gesi zitokazo kwenye silinda zikiwa na joto ambalo katika injini za petroli linaweza kupita nyuzi 900 za selsiasi. Gurudumu la upande wa pili, liitwalo kompresa, huivuta hewa kupitia chujio na kuirusha kwa kasi kuelekea ukingoni, kisha nyumba ya kompresa, yenye umbo la konokono, huipunguza mwendo na kuigeuza kasi hiyo kuwa shinikizo. Katika magari madogo fito huzunguka mara 100,000 hadi 200,000 kwa dakika, wakati mwingine zaidi, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, na ndiyo maana oili chafu au iliyopungua huiua turbo kabla ya kuua sehemu nyingine nyingi za injini.

Wazo hilo lilipewa hataza mwaka 1905 kwa jina la Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, lakini vyuma vya wakati ule havikustahimili joto la moshi, na ilimchukua miaka 20 hadi alipofaulu, mwaka 1925, kuongeza nguvu ya injini ya dizeli kwa zaidi ya asilimia 40. Meli zilikuwa miongoni mwa wanufaika wa kwanza. Jaribio linaloeleza vizuri zaidi kazi ya turbo, hata hivyo, lilifanywa kwa injini ya ndege mwaka 1918, wakati Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipoipandisha injini aina ya Liberty, yenye silinda 12, hadi kwenye kilele cha Pikes Peak katika jimbo la Colorado, Marekani, mita 4,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini hiyo, ambayo katika nchi ya chini ilitoa nguvu za farasi 350 hivi, kule juu ilitoa 230 tu. Ilipofungwa turbo ilitoa 356. Moss hakuifanya injini kuwa na nguvu kuliko ilivyozaliwa nayo. Aliirudishia tu hewa ambayo mlima ulikuwa umeipokonya.

Upokonyaji huo madereva wa malori ya Afrika Mashariki wanaujua hata kama hawajawahi kuupigia hesabu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, inapopita Timboroa, huvuka mita 2,700, mahali ambapo lita moja ya hewa imepungukiwa na karibu robo ya uzito wake. Lori lisilo na turbo linalotoka bandarini likiwa na shehena yake kamili hufika kwenye vilima vigumu kuliko vyote likiwa limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu, na dereva husema kwamba gari halivuti, ingawa hakuna chombo hata kimoja kilichoharibika.

Hapa ndipo inapobidi kueleza presha ni nini hasa. Shinikizo la hewa ya kawaida katika usawa wa bahari ni karibu bar 1, na geji ya turbo inayofungwa kwenye dashibodi huhesabu kile kilichozidi juu ya hapo, kwa hiyo inaposoma bar 1 maana yake hewa iliyo ndani ya menifoldi, yaani bomba lenye matawi linaloigawia kila silinda hewa yake, ina shinikizo halisi la bar 2. Geji hiyo haipimi kitu kingine. Hewa hubanana ndani ya menifoldi kwa sababu mbili tofauti kabisa, ama kwa kuwa kompresa inaleta nyingi, ama kwa kuwa silinda zinapokea kidogo, kama vile msongamano wa abiria kwenye mlango wa daladala usivyoonyesha ni wangapi waliokwisha kupanda. Fundi akizipanua njia za hewa kwenye kichwa cha injini, au akafunga vali pana zaidi, huku kompresa ikiendelea kusukuma kiasi kilekile cha hewa, presha kwenye geji hushuka na nguvu haipungui. Na kompresa ikiwa na uwezo wa ziada, presha inaweza kubaki ilivyokuwa na nguvu ikapanda. Mwenye gari anayejisifu kwa bar alizonazo anasifu, kwa sehemu, ukinzani wa injini yake.

Sababu ya pili ya kutoiamini geji peke yake ni joto. Hewa ikibanwa hupata moto, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo sehemu ya faida ya kuibana huliwa na joto linalozaliwa na kubanwa kwenyewe. Ikichukuliwa hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30, ikabanwa hadi shinikizo lake liongezeke maradufu na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, itatoka ikiwa na joto la nyuzi 125 hivi, na uzito wa kila lita utakuwa umeongezeka mara 1.5 tu wala si mara 2. Kompresa ndogo inayolazimishwa kufanya kazi nje ya uwezo wake, ikiwa ufanisi wake umeshuka hadi asilimia 60, itatoa hewa ya nyuzi 140 kwa presha ileile. Ndiyo maana kati ya kompresa na injini hufungwa kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, kinachofanana na rejeta na kupozwa na upepo au maji: hewa ikishushwa kutoka nyuzi 125 hadi 50, uzito wake hukaribia mara 1.85 ya hewa ya nje, ingawa presha kwenye geji, kwa sababu ya ukinzani wa mirija ya kipozaji hicho, huwa imepungua kidogo. Presha imeshuka, hewa imeongezeka, na nguvu imeongezeka; hakuna mfano ulio wazi kuliko huo wa tofauti kati ya vitu hivi viwili.

Kwa injini ya petroli hewa baridi ina faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukibanwa ukiwa na joto kupita kiasi hulipuka wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia, na mlipuko huo, unaosikika kama vyuma vinavyogongana, unaweza kutoboa pistoni. Watengenezaji hukabiliana nao kwa kupunguza kiwango ambacho pistoni huubana mchanganyiko, kwa kuchelewesha moto wa plagi, au kwa kutaka petroli yenye okteni ya juu. Gari la turbo aina ya Oldsmobile Jetfire, lililotoka Marekani mwaka 1962 likiwa miongoni mwa magari mawili ya kwanza ya abiria yenye turbo kuuzwa kwa umma, lilibeba tangi dogo la maji na methanoli ya kunyunyizwa kwenye hewa ili kuzuia mlipuko huo, na wenye magari waliosahau kulijaza walikuta nguvu imepunguzwa.

Injini ya dizeli haina tabu hiyo, kwa kuwa ndani ya silinda hubanwa hewa peke yake na mafuta huingizwa mwishoni, na kwa sababu hiyo dizeli na turbo vimekuwa kama wanandoa. Toyota ilitengeneza injini za Land Cruiser za ukoo mmoja, zote za sentimita za ujazo 4,164 na silinda 6: ile ya 1HZ, isiyo na turbo, inayojulikana sana katika mbuga za wanyama na kwenye magari ya mashirika ya misaada, hutoa kilowati zisizofika 100, ilhali 1HD-FTE, yenye turbo na kipoza hewa katika Land Cruiser za mfululizo wa 100, hutoa karibu 150. Si haki kuihesabia turbo tofauti yote hiyo, kwani 1HD-FTE pia ina mfumo bora wa kupulizia mafuta. Lakini mafuta hayo ya ziada yasingekuwa na cha kuungulia bila hewa ya turbo.

Kuchagua ukubwa wa turbo ni kazi ya mapatano, na hapa ndipo ubishi wa vijiwe vya magari huwa mkali bila sababu. Turbini ndogo huanza kuzunguka upesi kwa moshi kidogo, hivyo gari huitikia mguu wa dereva mara moja, lakini injini inapokwenda kasi turbini hiyohiyo huwa kizuizi: moshi husongamana nyuma yake, hushindwa kutoka wote, na sehemu yake hubaki ndani ya silinda ikichukua nafasi ya hewa safi. Turbini kubwa hupitisha moshi kwa urahisi, ila hukawia kuamka, na dereva hukanyaga, husubiri, kisha hupata nguvu zote kwa pamoja pale asipozitarajia. Usemi kwamba turbo hutoa nguvu ya bure una ukweli nusu, maana pistoni hulazimika kuusukuma moshi kwa nguvu zaidi kuliko ambavyo ingefanya kama ekzosi ingekuwa wazi.

Kompresa nayo ina mipaka miwili. Ikitakiwa kutoa presha kubwa huku injini ikipokea hewa kidogo, hewa hushindwa kuendelea mbele, hurudi nyuma kupitia mapanga, na fito hutikisika kwa mapigo yanayoiharibu. Ikitakiwa kupitisha hewa nyingi kupita upana wake, hewa hufikia kasi ya sauti ndani ya njia zake na haiwezi tena kuongezeka, hata ikizungushwa kwa nguvu kiasi gani. Kati ya mipaka hiyo wahandisi huweka vali inayoupitisha kando moshi uliozidi, au, hasa katika dizeli za kisasa, vipande vinavyogeuka kuizunguka turbini ili njia ya moshi iwe nyembamba kwa mwendo mdogo na pana kwa mwendo mkubwa.

Watunga sheria za mashindano waliujua mpaka huo wa kasi ya sauti na kuutumia. Katika Formula 1, ambako Renault ilileta injini ya turbo ya lita 1.5 mwaka 1977 dhidi ya injini za lita 3 zisizo na turbo, nguvu zilipanda hadi watawala wakaamua kuidhibiti presha yenyewe, kwa bar 4 mwaka 1987 na bar 2.5 mwaka 1988, kabla ya kupiga marufuku turbo kuanzia 1989. Mbio za rali zilifuata njia ya busara zaidi: badala ya kuhesabu presha, magari yalifungwa pete nyembamba mbele ya kompresa, ambayo mwaka 1995 ilikuwa na kipenyo cha milimita 34. Tundu la upana huo, katika usawa wa bahari, haliwezi kupitisha zaidi ya kilo 13 hivi za hewa kwa dakika, na hewa hiyo hutosha kutoa nguvu za farasi 300 na kitu. Timu ingeweza kuongeza presha ipendavyo, na wengi waliiongeza kwa mizunguko ya chini ili kupata nguvu ya kuvuta, lakini juu zaidi ya hapo hakuna bar iliyoweza kununua kilo ya hewa.

Thamani ya hewa hiyo ilionekana Oktoba 1995 katika rali ya Catalunya, Hispania, wakati wakaguzi walipogundua kwamba turbo za timu ya Toyota zilikuwa na utaratibu wa siri ulioiruhusu hewa kupita kando ya pete. Timu ilinyang'anywa pointi zote za msimu na kufungiwa hadi mwisho wa 1996. Na hii ndiyo kampuni ambayo Celica zake za turbo zilikuwa zimeshinda Safari Rally mfululizo mwaka 1984, 1985 na 1986. Nyanda za juu za Kenya zingeiadhibu pete hiyo bila mkaguzi yeyote, kwa kuwa kiasi cha hewa kinachopita katika tundu lililofikia kasi ya sauti hutegemea shinikizo la nje, na kandokando ya Nairobi shinikizo hilo ni pungufu kwa takriban asilimia 18. Formula 1 iliporudisha turbo mwaka 2014 haikuweka kikomo cha presha bali cha mafuta, yaani kilo 100 kwa saa.

Katika magari ya barabarani, kompyuta ya injini nyingi za kisasa hufuata mantiki hiyohiyo. Karibu na chujio la hewa hukaa kihisio chenye waya au utando uliopashwa moto, na kwa kupima jinsi hewa inavyoupoza, kompyuta hujua ni gramu ngapi zimepita, kisha hupulizia mafuta kulingana nazo. Presha nayo hupimwa, ila kwa ajili ya kuiongoza vali ya moshi, na mgawanyo huo wa kazi huzaa hitilafu moja ambayo huwagharimu wenye magari fedha nyingi. Mpira unaounganisha kompresa na kipoza hewa ukipata ufa mdogo, sehemu ya hewa iliyokwisha kuhesabiwa huvuja nje, na gari hukosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Lakini kompyuta, ikiona presha inashuka, huibana zaidi vali ya moshi ili turbo izunguke kwa kasi ya kufidia kilichovuja. Kwa dereva geji huonyesha presha ileile ya siku zote, au karibu nayo, wakati fito inazunguka kupita kipimo chake na hewa inatoka ya moto kuliko kawaida. Katika miinuko kama Timboroa mzigo huo huwa mkubwa zaidi, kwa kuwa ili menifoldi ipate bar 2 kamili kompresa hulazimika kuikuza hewa ya nje mara 2.75 badala ya mara 2. Turbo hatimaye hufa, mwenye gari hununua nyingine, na mpira wenye ufa, usio na thamani ya kutajwa mbele ya bei ya turbo, hurudishwa mahali pake na kukazwa juu ya ile mpya.